Kipande cha Nweke

Itangazwe kwa umma wa wasomaji, wakubwa kwa wadogo, wenye viatu na wasio na viatu, kwamba hapa chini imeandikwa historia kamili, isiyoegemea upande wowote, ya jinsi filamu kubwa kuliko zote kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe ilivyotengenezwa katika bonde la Agu Unyi. Mwandishi ameyaona yote kwa macho yake mawili. Hana hisa, hana ndugu, hana hila.

Ukurasa wa tatu wa mchezo wenyewe uliliwa na mbuzi kabla kazi haijaanza, kwa hiyo lipo jambo moja ambalo hakuna anayelijua. Hilo tutalipita.

Lori la filamu lilifika siku ya Nkwo, ambayo ni siku ya gulio, saa nne asubuhi, likakwama katikati ya wauza viazi vikuu. Mwongozaji, Bwana Lambert Anozie wa Lagos, alipanda juu ya lori na kipaza sauti, akatangaza kwamba anahitaji wanaume arobaini wembamba wa kuigiza wachimbaji wa zamani. Malipo yao ni chakula cha mchana na kuonekana dunia nzima. Wanaume wa Agu Unyi wakavuta matumbo ndani, wakapanga mstari.

"Wewe mzee, rudi nyuma," alisema msaidizi. "Tunataka wembamba."

"Mimi ni mwembamba, mwanangu. Ila nimekula."

Filamu iliitwa Radi ya Agu Unyi. Ilihusu mambo ambayo kila mtoto wa bonde hili anayajua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: jinsi wachimbaji, zamani za Waingereza, walivyotaka kuunda chama chao, jinsi meneja alivyokataa, jinsi walivyokaa mlangoni mwa mgodi wakagoma kushuka na wakagoma kuondoka, na jinsi askari walivyoletwa wakafyatua risasi. Walikufa watu kumi na mmoja. Majina yao yamechongwa kwenye jiwe mbele ya ofisi ya halmashauri. La kwanza ni Nweke, shujaa, aliyesimama juu ya toroli la makaa akatamka dai la kwanza la chama: mtu aitwe kwa jina lake. Siku hizo mgodini mtu aliitwa "boi", au aliitwa namba.

Nweke mwenyewe alikuwapo gulioni siku hiyo, akinunua ugoro.

Hili linahitaji maelezo mafupi. Kila mchimbaji wa zamani alikuwa na kipande, yaani kibati cha shaba chenye namba. Asubuhi unakiacha chumba cha taa, unapewa taa. Jioni unarudisha taa, unapewa kipande. Karani alitazama kipande, hakutazama uso. Kwa hiyo ndugu waliazimana vipande kama watu wanavyoazimana jembe. Huyu ana homa, yule anaingia. Huyu ana msiba ukweni, yule anaingia. Ozoemena, kaka yake Nweke, alikuwa amefukuzwa kazi kwa kusemasema habari za chama. Nweke hakufukuzwa, kwa kuwa hakuwahi kusema chochote mgodini isipokuwa "Saa ngapi sasa?" Basi kaka akaazima kipande cha mdogo wake, akapita nacho getini, akapanda juu ya toroli, akasema aliyoyasema. Siku ya risasi hakuna aliyeshuka chini, kwa hiyo kipande kilikuwa bado kiunoni mwake alipoanguka. Serikali ikasoma namba, ikaandika kwamba Nweke amekufa.

Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Wakisema aliyekufa ni Ozoemena, Nweke atafungwa kwa kuazimisha kipande, na ukoo utakuwa na ndugu mmoja kaburini na mwingine gerezani. Wakaamua maiti izikwe kwa jina la Nweke, kwa muda tu, mpaka mambo yapoe. Mizinga ya baruti ikapigwa kwa ajili ya Nweke. Mke wa Nweke akanyolewa nywele, akavishwa nguo nyeusi, huku mumewe amekaa nyuma ya nyumba na kibuyu cha tembo, akisikiliza anavyosifiwa.

Mambo yakapoa. Waingereza waliondoka, mgodi ulifungwa, lakini mizinga ikishapigwa hairudi. Tangu hapo Nweke ni mtu aliyekwisha kuombolezwa. Hulima, hula, hukoroma kanisani, lakini sahani ya kola, kokwa chungu ya heshima ambayo huvunjwa na kugawiwa watu, ikizungushwa barazani inamruka, maana mtu aliyepigiwa mizinga hapewi kola. Naye Ugoye, mke wa Ozoemena, hakunyolewa wala hakuvaa nyeusi, kwa sababu mume wake hakufa popote. Alichelewa kazini tu. Kila jioni kwa miaka hamsini alimwekea bakuli la chakula, na kila asubuhi alikuta kuku wamelila.

Siku ya tatu ya kazi, saa kumi na nusu alasiri, wale kumi na mmoja wa kwenye jiwe walitoka mgodini. Mlango wa mgodi umezibwa kwa zege. Walipitia pembeni.

Bi Philo, mshonaji wa mavazi ya filamu, aliwakagua kuanzia utosini hadi kwenye kucha.

"Nani amewapaka masizi haya? Mimi sijawapaka."

"Tumekuja nayo," alisema mmoja.

"Basi msiyafute. Na nyie wengine, hebu tazameni wenzenu walivyojiandaa! Wewe pale, mchimbaji gani anavaa saa ya mkononi?"

Watu wa Agu Unyi waliwasalimu. Mmoja aliulizwa habari za huko, akajibu kwamba ni nzuri, ila kuna unyevu. Kisha kazi ikaendelea, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na Bwana Anozie alikuwa anauhofia mwanga kuliko anavyomhofia Mungu.

Ilikuwa zamu ya picha ya risasi. Askari wa kuigiza walipanga mstari na bunduki za mbao. Juu ya toroli alisimama Rex Udeagu, nyota wa filamu, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, aliyeigiza Nweke.

"Mtu aitwe kwa jina lake!" alinguruma Rex, na mwangwi ukampongeza.

"Sikupiga kelele namna hiyo," alisema mmoja wa wale kumi na mmoja, mrefu, mwenye kipande kiunoni. "Nilikuwa na mafua."

"Fyatua!" aliamuru mwongozaji. Baruti ikalia. Wanaume arobaini wakaanguka, wengine mara mbili ili waonekane vizuri. Wale kumi na mmoja wakabaki wamesimama.

"Kata! Nyie wa nyuma, mbona hamwanguki?"

"Tulishaanguka, bwana."

"Lini?"

"Siku ile."

Bwana Anozie aliwaza. Alitazama karatasi zake, akaona hana ukurasa wa tatu, akasema labda ndivyo ilivyoandikwa. Wakaachwa wasimame.

Wakati wa mapumziko kumi kati yao walikaa kwenye nyasi wakanyoosha miguu. Yule mrefu hakukaa. Ugoye, ambaye alikuwa akiwauzia watu wa filamu bajia za kunde, alimwendea na beseni lake kichwani. Yeye alikuwa na miaka sabini na miwili. Yule alikuwa na thelathini.

"Wewe," alisema, "ndizo saa za kurudi kutoka kazini hizi?"

"Mke wangu, nilichelewa."

"Nimeona. Chakula kimepoa."

"Umezeeka, Ugoye."

"Na wewe umebaki mchafu vilevile. Kaa ule."

"Siwezi kukaa," alisema Ozoemena.

Akamweleza bila kulalamika. Huko waliko, kila jioni kola inavunjwa, na watu wanaitwa kwa majina waliyozikwa nayo. Ukiitwa, unakaa. Wenzake kumi wanaitwa, wanakaa. Halafu linaitwa la Nweke na hakuna anayeitikia, kwa kuwa Nweke yuko huku juu anakunywa tembo. Yeye anasimama mpaka asubuhi, na kesho yake tena.

"Miaka hamsini?"

"Miguu imezoea. Mgongo ndio haujazoea."

Ugoye alitua beseni. "Yule mke wa Nweke alinyolewa, akaletewa hata mbuzi. Mimi nimebaki na nywele kama mwali, watu wananiuliza mume yuko wapi, nasema yuko njiani. Sasa wanataka nini huko kwenu?"

"Jina langu litajwe mbele za watu, kola ikivunjwa. Mara moja tu. Nikae."

Ikawa kwamba picha ya mwisho ya filamu ilikuwa hiyohiyo: kola inavunjwa mbele ya jiwe, na majina ya waliouawa yanasomwa moja moja. Ugoye alimfuata mwongozaji akamweleza kila kitu, huku akimlisha bajia ili asikimbie.

"Subiri, mama," alisema Bwana Anozie. "Kwa hiyo Nweke aliyekufa hakufa. Na Ozoemena, ambaye hayumo kwenye orodha, ndiye aliyekufa. Na Rex anaigiza Nweke, ambaye kumbe ni Ozoemena, ambaye ni yule pale."

"Ndiyo. Umeelewa vizuri, mwanangu."

"Sijaelewa hata kidogo."

Aliitwa katibu wa halmashauri, Bwana Akubuilo, mtu wa kofia na miwani. Hakushangaa kumwona marehemu. Alishangaa tu kwamba amekuja bila barua. Akasema jiwe ni jiwe. Akasema pia kuna jambo la pili. Ile shule ya bweni ya wasichana, upande wa pili wa kilima, imetenga nafasi kumi na moja kwa uzao wa waliouawa, na kwenye nafasi ya Nweke amekaa mjukuu wake, yuko kidato cha tatu. Ikithibitika kwamba Nweke hakufa, basi msichana huyo si uzao wa aliyeuawa, na Jumatatu atabeba godoro lake arudi nyumbani. Naye Ozoemena hakuacha mtoto, kwa hiyo nafasi itabaki tupu.

"Mimi sina neno," alisema Bwana Akubuilo. "Aje Nweke aseme mwenyewe."

Nweke alikuja na kigoda chake. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mdogo wa umbo, mwenye ugoro puani. Alipomwona kaka yake, kijana kuliko yeye, alivua kofia.

"Mzee, wewe ni nani?" aliuliza katibu.

"Mimi ni marehemu."

"Marehemu nani?"

"Marehemu Nweke. Nilipigiwa mizinga saba. Waulizeni hawa, wengine walikula nyama."

"Na huyu?"

"Huyu ni kaka yangu." Machozi yalimtoka, akasema ni vumbi la upepo wa Desemba.

"Nweke," alisema Ozoemena, "ulikuwa mwoga toka tumboni."

"Kaka, usiseme hivyo mbele ya wageni."

"Mimi niliazima kipande. Wewe umeazima kifo. Mimi nikimaliza kazi hurudisha."

"Najua, kaka. Najua. Lakini mtoto anasoma. Ukoo mzima hakuna aliyewahi kupita pale alipo. Anapiga hesabu ambazo ndani yake hamna tarakimu, kuna herufi tupu."

Ozoemena alikaa akiwaza, yaani alisimama akiwaza.

"Anasoma kweli?"

"Wa tatu darasani. Ila ni mtundu. Muhula uliopita alitia chura kwenye kengele."

Katibu aliandika kwenye daftari lake kwamba marehemu amehojiwa na amethibitisha kifo chake. Wanaume arobaini walianza kubishana. Wengine walisema aliyekufa ni yule aliye hai, wengine kwamba aliye hai ni yule asiyekufa, na wawili walikaribia kupigana, kabla ya kugundua kwamba wanasema kitu kilekile. Bwana Anozie aliomba maji na kidonge cha kichwa.

Picha ya mwisho ilipigwa siku ya Eke, ambayo hufuata Nkwo, saa kumi na moja jioni. Msomaji wa majina alitafutwa shuleni, na mwalimu mkuu akamtoa mjukuu huyohuyo wa Nweke, kwa kuwa ana sauti ya kusikika na kwa kuwa ni mjukuu wa shujaa. Mwandishi hatamtaja jina, maana ni mtoto wa watu. Alivaa sare iliyopigwa pasi, akapewa karatasi.

Kabla kamera haijawashwa, babu yake alimvuta pembeni.

"Mjukuu wangu, mimi nimeshindwa kusema," alimwambia. "Jiwe halina mdomo, na mimi wangu ulizikwa. Wewe unao. Soma litakalokutoka."

"Nikisoma la babu mkubwa, Jumatatu nitakuwa wapi?"

"Utakuwa nyumbani na mimi, tunamenya mihogo."

"Na nikisoma lako?"

Nweke alivuta ugoro.

Rex Udeagu alishika kola akaiombea kwa Kiingereza cha Lagos, kirefu na kizuri. Kola haikupasuka. Kisu kiliteleza mara tatu. Kila mtu anajua kola haisikii Kiingereza, lakini ilibidi mgeni aachwe ajaribu. Akaitwa mzee miongoni mwa waigizaji, yule aliyekuwa mwembamba ila amekula, akaomba kwa Kiigbo maneno machache. Kola ikafunguka yenyewe, vipande vinne. Sahani ikazunguka, ikamruka Nweke.

Msichana alisoma. Kwa amri ya mwongozaji, la shujaa liliachwa la mwisho. Alisoma jina la kwanza, na mtu mmoja wa mstari wa nyuma akakaa. Akasoma la pili, wa pili akakaa. Hivyo hivyo hadi wakakaa kumi. Akabaki Ozoemena peke yake, na kipande kiunoni. Ugoye alikuwa amesimama kando na mkasi mkononi na kanga nyeusi begani, tayari. Ozoemena alikuwa ameshakunja magoti kidogo, kama mtu aliyesikia nyuma yake kiti kinavutwa.

Msichana alitazama karatasi. Alitazama kilima, ambacho nyuma yake kuna bweni, kitanda cha juu karibu na dirisha, na sanduku lenye kufuli.

"Nweke," alisoma.

Ozoemena akanyoosha magoti.

"Kata!" alisema Bwana Anozie. "Safi sana. Sauti nzuri kweli."

Ugoye alikunja kanga ile, akatia mkasi ndani yake, akauliza kama bado kuna mtu anataka bajia. Jua lilipozama wale kumi na mmoja walirudi kwa kupitia pembeni. Jioni hiyo aliweka bakuli kama kawaida.

Filamu ilionyeshwa Enugu na Onitsha, na watu walilia panapostahili. Kuna lalamiko moja tu. Katika picha ya mwisho, watu wote wakiwa wamekaa kwa heshima, kuna mtu mmoja mrefu amesimama mstari wa nyuma, na hakuna fundi aliyeweza kumkata. Kila onyesho watazamaji humpigia kelele: "Kaa chini wewe, unatuziba!" Hakai. Bwana Anozie anasema jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu.

Mwandishi alikusudia kuishia hapa, kwa saluti na heshima zote. Lakini Jumapili iliyopita ilikuwa Jumapili ya wageni, na Mama Matroni, Bi Scholastica Odo, alitoka getini na daftari la wageni, akaita kwa sauti inayovuka uwanja:

"Uzoamaka Nweke!"

"Naam, Mama," nikaitika.

Niliandika mwanzoni kwamba mwandishi hana hisa, hana ndugu, hana hila. Ninavyo vyote vitatu. Msichana yule ni mimi. Na chura pia alikuwa wangu.

Babu mkubwa huja kila Jumapili ya wageni. Hutembea kutoka mgodini akiacha nyayo za masizi kwenye njia tunayoifagia sisi. Huniletea karanga za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani, zina ladha ya moshi. Huniuliza hesabu zinaendaje. Safari hii nilimwambia nimekuwa wa pili, akasema vizuri, nisishuke. Hajawahi kunisema hata kidogo, na ingekuwa afadhali anifinye. Mabenchi yako pale chini ya kivuli, wageni wote wamekaa, yeye amesimama. Kila mara namwambia, "Kaa, babu." Kila mara anajibu, "Nitakaa."

"Mgeni wako hajaandikwa," alisema Mama Matroni. "Bawabu amemuuliza jina, amesema uulizwe wewe. Nafasi hii siwezi kuiacha tupu."

Mama Matroni ndiye anayetunza orodha ya uzao wa waliouawa. Iko kwenye daftari hilohilo, kurasa za nyuma. Alikuwa na kalamu mkononi. Kwenye benchi la jirani baba yake Chinelo wa darasani kwetu alikuwa ametoa kola mfukoni, akaiombea kwa Kiigbo, akaivunja, na wageni wote wakageuka kupokea, kwa hiyo watu walikuwapo na kola ilikuwapo, na kilichokosekana kilikuwa kinywani mwangu.

"Uzoamaka, nakusubiri. Anaitwa nani?"

Nilimtazama babu mkubwa. Magoti yake yalikuwa yamekunjika kidogo.

"Nweke, Mama," nikasema.

Akaandika. Babu mkubwa alinyoosha magoti, akanikumbusha nile karanga kabla hazijapoa.